Mchanga wa Ngomeni

Lori zima lilikuwa likiimba, isipokuwa Dama. Alikuwa amejibanza pembeni, mgongo kaushindilia kwenye ubao, vidole vyake vikifunga ncha ya leso na kuifungua, kuifunga na kuifungua. Meno yalikuwa yakimgongana ingawa jua la Msambweni lilikwisha kuwa kali.

"Wifi, ipunguze hiyo baridi," Kanze alimnong'oneza. "Abdurahman akikuona atasema una homa, akuteremshe Ukunda."

"Sina baridi."

"Najua huna. Ndiyo maana nakwambia uipunguze."

Kanze alikuwa dada wa Tsuma, mumewe Dama, na katika wote waliopakiwa lorini asubuhi ile ni yeye peke yake aliyejua kwamba Dama hakuwa anakwenda Mombasa kutazama mji. Alikuwa anakwenda kumchukua Tsuma. Naye Tsuma alikuwa maiti kwa miaka kumi na mitano sasa.

Uhuru ulikuwa haujatimiza mwezi. Abdurahman, katibu wa tawi la chama, alikuwa amekodi lori kwa michango ya wanachama, akavaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikataka kusimama yenyewe, na kabla ya safari akapanda juu ya debe akawahutubia.

"Watoto wetu wanafundishwa kwamba mji mkuu ni Nairobi. Nairobi ilikuwa tope na vyura! Mwingereza alipoingia nchi hii, kiti chake alikiweka Mombasa. Mombasa ndiyo mji mkuu wa kwanza, jamani. Leo mtaingia mle alimokaa, mtakanyaga alipokanyaga, na hakuna atakayewauliza mnatafuta nini!"

Vigelegele vikapigwa. Maneno yalikuwa mazuri, na mengine yalikuwa ya kweli. Lakini katika kila kijiji cha Kwale walikuwapo watu waliokwisha kuuona mji mkuu huo bila kukodiwa lori. Walipelekwa na pingu mikononi, na wake zao wakawafuata kwa miguu. Abdurahman hakuwataja hao. Siku za sherehe hazipendi watu wenye kumbukumbu ndefu.

Tsuma alikuwa mmoja wao. Wapimaji wa kampuni ya katani walikuja na minyororo yao, wakapigilia vigingi vya chuma kutoka barabarani mpaka katikati ya minazi ya marehemu baba yake, wakasema kuanzia hapa si kwenu. Kisa chenyewe, waliambiwa, ni kwamba Mwingereza ameikodi pwani kutoka kwa Sultani. Sultani aliipata kwa nani? Swali hilo halikuulizwa katika ofisi yoyote, wala aliyepanda mnazi hakuitwa kutoa ushahidi. Basi Tsuma aliving'oa vile vigingi kimoja kimoja, mchana kweupe, watu wakimtazama, akavirundika mlangoni mwa ofisi ya serikali. Akahukumiwa miaka miwili, akapelekwa Ngomeni.

Siku zile Ngome ya Mombasa ilikuwa jela. Kila mwezi Dama alitembea mpaka Likoni, akavuka, akafika kwenye lile lango na kikapu cha chakula kichwani. Kila mara alikuta askari jela yule yule, mwenye sauti nyembamba inayotokea puani. "Nitampa," humwambia, akachukua kikapu. "Haya songa, songa, usizibe mlango." Miezi mingi ikapita hivyo. Siku moja askari akamwambia, "Amehamishwa." Wapi? "Bara." Hakupata neno la tatu. Baadaye mfungwa mmoja aliyefunguliwa akaja Msambweni akasema kweli: Tsuma aliugua tumbo la kuhara akafa humo humo ndani, mwezi wake wa kwanza, kabla hata ya kikapu cha kwanza.

Sasa mama yake Tsuma, Bi Kahaso, alikuwa amezeeka hadi macho yamefunga ukungu, na alikuwa anakataa kufa. Alisema mwanawe husimama nje ya ua, hataki kuingia, na yeye hatalala kaburini huku mwanawe amesimama. Maiti isiyopatikana, katika ukoo ule, huletwa kwa mchanga. Huchotwa pale marehemu alipokata roho, ukaja kuzikwa nyumbani kama mtu. Ngome ilipokuwa jela, nani angeingia kuchota mchanga? Ilipoacha kuwa jela ikafanywa nyumba ya maonyesho, waliingia wageni wenye kamera. Mpaka likaja lori la chama.

"Utachota pale pale pumzi ilipomtoka," Bi Kahaso alimwagiza mkaza mwanawe. "Mchanga ukishaingia kwenye leso, mdomo wako si wako tena. Usijibu salamu. Usigeuke nyuma. Usiuweke chini. Neno moja likikutoka, koma wa mwanangu, mzimu wake, atashuka hapo hapo uliposemea, na ndipo atakapokaa milele. Ukisema feri ikiwa katikati ya maji, umemtosa."

"Na kama nitachota mahali pasipo pake, mama?"

"Utatuletea mtu tusiyemjua. Ataingia humu, alale na wajukuu zangu."

Ndiyo maana meno yalikuwa yakigongana.

*

Mombasa ilionyeshwa, watu wakaona. Walivuka Likoni, wakapelekwa kwenye zile pembe kubwa za bati zilizopindwa juu ya barabara kwa ajili ya ugeni wa kifalme. Abdurahman akaeleza zilitengenezwa vipi. Kanze akainua uso akaziangalia nne zote.

"Ndovu gani huyu ana pembe nne?"

"Ni mapambo, Bi Kanze."

"Nauliza tu, katibu. Serikali iliyompa ndovu pembe nne isingeshindwa kumpa mtu mmoja mashamba mawili."

Watu walicheka. Wakapelekwa Marikiti, wakanusa bizari na karafuu, wakashika vitu wasivyoweza kununua. Dama alikuwa akifuata nyuma ya leso za wenzake, haoni duka wala nyumba. Kila kona waliyopinda ilimsogeza kwenye lile lango, na miguu yake ililijua lango kabla macho hayajaliona. Ilianza kuwa mizito.

Halafu ukuta ukatokea, mkubwa, rangi ya kutu, umesimama pale pale ulipokuwa. Juu yake mlingoti ulikuwa mtupu. Miaka yote ile ulipeperusha bendera nyekundu ya Sultani, kuonyesha kwamba mwenye nyumba ni mwingine na mpangaji ni mwingine, na wewe uliyezaliwa hapo humo katika hesabu. Sasa ilikuwa imeteremshwa. Lakini mlango wenye misumari ya chuma ulikuwa ule ule, na ndani ya kiza chake ikatoka sauti.

"Songeni, songeni, mama zangu, msizibe mlango."

Dama alishika mkono wa Kanze kwa kucha.

"Unaniumiza, wifi."

"Ni yeye."

"Nani?"

"Wa vikapu."

Alikuwa amenenepa, ndevu zimeingia mvi, kaki yake mpya. Alijitambulisha kwa jina la Chome na kusema yeye ndiye mwenyeji wao mahali hapo. Mkoloni alipoifunga jela na kuigeuza maonyesho, alimnyang'anya Chome rungu, akamwachia funguo zile zile. Yule aliyewazuia watu wasiingie ndiye sasa aliyelipwa kuwakaribisha.

"Mimi siwezi," Dama alisema. "Twende zetu. Nitamwambia mama kulikuwa kumefungwa."

"Atakuuliza mimi nilikuwa wapi."

"Kanze, huyu mtu ananijua."

"Alikuwa akikitazama kikapu. Hakukutazama wewe." Kanze akamsukuma taratibu mgongoni. "Pita. Nitamshughulikia."

Wakaingia kwenye ule ujia wa giza unaopanda, kuta pande zote mbili, nyayo zikilia kana kwamba wanaotembea ni wengi zaidi ya walioingia. Dama aliziba pua. Wenzake hawakusikia harufu yoyote ila ya chokaa na popo. Yeye alisikia uji wa jela.

Uwanjani Chome alianza kuwasomea historia, kidole hewani. Wareno walijenga, Waarabu wakawatoa, Wareno wakarudi, Waarabu wakawatoa tena, kisha Mwingereza akaja na mizinga.

"Na mwenye kisiwa alikuwa wapi muda wote huo?" Kanze akauliza.

"Mwenye kisiwa alikuwa akibeba mawe, mama."

Kicheko kikaenea. Chome naye akacheka, akajipangusa jicho, mtu mchangamfu kabisa, na kicheko hicho kilimtia Dama hofu kuliko ukuta. Mtu anayejua yaliyotendeka humu na bado anaweza kuchekesha watu, atashindwa kufanya nini?

"Na wafungwa?" Kanze akasema. "Nasikia hapa palikuwa jela. Walilala wapi?"

Chome alielekeza kidole. "Vyumba vimebomolewa. Vilikuwa safu hii, mpaka pale kwenye kokoto. Haya, twendeni tukaone mizinga."

"Ngoja kwanza, baba. Choo chao je? Na mizinga hiyo inapigwa na nani, au ni ya kutazamwa tu? Nionyeshe tundu la kutilia baruti, mimi ni mjinga." Kanze akamdaka mkono, akamzungusha kama bibi harusi, na watu wote wakageuka kuwafuata.

Dama akainama pale kwenye safu ya vyumba, kama mtu anayefunga ukanda wa kiatu. Hakuwa na viatu. Konzi ya kwanza ilimwagika yote. Akachota tena.

"Tsuma," alisema chini ya pumzi, "twende nyumbani."

Akafunga fundo. Kuanzia hapo mdomo wake haukuwa wake.

*

Walikuwa wakitoka wakati Chome alipojitokeza kutoka ubavuni mwa ujia, akamwachia kila mtu apite, kisha akanyosha mkono mbele ya kifua cha Dama.

"Wewe mama, simama."

Kanze alikuwa hatua moja mbele. Akarudi mbio.

"Mwache wifi yangu. Anaumwa jino."

"Haumwi jino." Sauti ya puani ilikuwa imeshuka, haikuwa tena ya mwenyeji. "Mimi mama yangu ni Mduruma wa Samburu ya Kwale. Najua alichokifunga humo. Na yeye namjua. Wewe ni mke wa yule wa vigingi."

Wote watatu walisimama. Huko nje Abdurahman alikuwa akipiga kelele kwamba lori linaondoka.

"Mchanga huo si wake," Chome akasema. "Walipobomoa jela, kuna Mzungu alichimba pote hapo kutafuta vyungu. Mashimo yalijazwa kwa mchanga wa kuletwa. Huo umetoka sijui ufuko gani. Mumeo hakufia uwanjani hata hivyo. Wagonjwa waliwekwa kwenye chumba cha chini, ukutani kule. Sakafu yake haijaguswa."

"Mwongo!" Kanze akasema. "Ulisema amehamishwa bara!"

"Nilisema."

"Ulisema utampa chakula!"

"Nilisema hilo pia." Alikuwa akitoa jasho kwenye ujia ule wa baridi. "Mama, sikiliza. Ukienda na huo utaniachia yeye hapa. Kila jioni mimi ndiye nafunga, naye yumo. Miaka yote hii nafunga, naye yumo. Nifuate."

"Usiende, wifi. Atakufungia."

Dama alikuwa na maswali elfu, na hata moja halikuweza kupita mdomoni. Mtu huyu alikwisha kumdanganya mara mbili, na kwa kila uongo yeye alitembea mpaka Likoni na kurudi. Huenda huu ni wa tatu. Huenda anataka kumtenga na wenzake, amwite askari, aseme mwanamke huyu ameiba mali ya serikali. Uhuru huu ulikuwa na umri gani hata mtu auegemee? Lakini kama anasema kweli, basi ndani ya fundo lile kulikuwa na mgeni, na mgeni huyo atalala na watoto wake.

Akamwonyesha Kanze lango kwa kidole: nenda, ulizuie lori. Kisha akamgeukia Chome, akaelekeza kidevu mbele. Tangulia.

Chumba kilikuwa chini ya ngazi, mlango mfupi, hata Dama aliinama. Chome alitafuta ufunguo katika shada lake, na funguo zikalialia. Alipousukuma mlango, ulitoka upepo wa baridi ambao haukuwa na pa kutokea. Akawasha kiberiti. Sakafu ya udongo mweusi, ukuta wenye michirizi ya maji ya chumvi, na pembeni chuma kilichoshindiliwa ukutani. Hapakuwa na kingine.

"Hapa," akasema. "Kichwa kilikuwa huku. Chota twende."

Dama alipiga magoti. Mkono wake ulikuwa umekwisha kugusa udongo alipousimamisha. Akafikiri. Hakuweza kumwuliza, na hata angemwuliza, jibu lingetoka katika mdomo ule ule. Mdomo wa mtu huyu haukuwa na thamani. Alikuwa na nini kingine?

Akaifungua ncha ya pili ya leso, ile tupu, akaitandaza mbele ya Chome. Akanyosha kidole kwenye mkono wake. Chota wewe.

Chome alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta. Hakuhitaji kufasiriwa, mama aliyemzaa ni wa upande ule, na watoto wa upande ule hulijua jambo hili kabla ya kuota meno ya pili. Anayechota kwa mkono wake ndiye anayemwinua maiti. Akichota pa uongo, yule asiyejulikana humfuata mchotaji mpaka mlangoni kwake. Akichota pa kweli, hana budi kumsindikiza, mdomo umefungwa, mpaka kwa wenyewe.

"Dada, mimi nina watoto."

Dama hakuondoa leso.

"Nimekwambia ni hapa. Wallahi ni hapa! Kwani unadhani napata faida gani?"

Dama hakuondoa leso.

Kiberiti kikazima.

Katika giza alisikia pumzi ya Chome, nzito, juu yake. Alikuwa kati yake na mlango. Hatua moja nyuma, ufunguo mara moja, na nani angejua? Kanze angepiga kelele, Abdurahman angeandika malalamiko, na mlango ungebaki umefungwa. Tsuma naye alisikia pumzi hii hii, Dama aliwaza. Alilala hapa akaisikia, akangoja mlango. Mkojo ukamtoka kidogo. Hakuusogeza mkono.

Kisha akasikia goti likigonga chini. Halafu kucha zikikwangua udongo.

Kitu kizito, chenye ubaridi, kilimiminika kwenye leso. Chome alitaka kusema neno, Dama akasikia midomo yake ikifunguka, kisha akasikia ikifungwa. Sasa walikuwa mabubu wawili.

Walipopita uwanjani, Dama aliufungua ule mchanga wa kwanza, akaurudisha palepale alipoutoa, akaufuta kwa kiganja. Langoni Chome alimtupia mwenzake shada la funguo bila neno, mwenzake akabaki akimwita, "Mzee! Mzee Chome! Unakwenda wapi na zamu haijaisha?" na Chome hakugeuka.

*

Kanze alikuwa ameketi chini mbele ya gurudumu la lori, miguu kainyosha barabarani, na dereva alikuwa akimwomba kwa heshima ainuke. Alipomwona Chome nyuma ya wifi yake aliruka. Akazitazama kucha zake zilizojaa udongo mweusi, akaelewa, akampisha.

"Huyu naye?" Abdurahman akauliza. "Mzee, lori hili ni la wanachama."

Chome akapanda. Akaketi mkabala na Dama, macho kwenye mbao.

"Mzee, nakusemesha! Bi Dama, unamjua huyu?"

Dama akalitazama fundo.

"Bi Dama! Hata wewe? Lahaula! Wamepigwa na jini wa Ngomeni, wote wawili. Dereva, pitia hospitali!"

Hospitali wangemvua leso. Wangemwuliza jina.

"Hospitali ya nini?" Kanze akafoka. "Wifi yangu ameweka nadhiri. Hatasema mpaka wewe katibu unyamaze. Kwa hali hii naona atakufa bubu."

Lori zima likaangua kicheko, Abdurahman akakaa chini kwa hasira, na dereva akashika njia ya Likoni.

Kwenye feri abiria walishuka na kusimama. Mzee mmoja mwenye kilemba alipita karibu na Dama, akampa salamu ya heshima kabisa, "Umeshindaje, binti yangu?" akangoja. Tangu Dama alipojua kusema hakuwahi kumwacha mzee asijibiwe. Aliinamisha kichwa, machozi yakamjaa.

"Hee!" mzee akasema kwa watu. "Huo ndio uhuru? Shikamoo hamtoi, na salamu mkipewa hamjibu?"

Na hapo, katikati kabisa ya maji, wimbi la meli iliyokuwa ikiingia Kilindini likaipiga feri ubavuni. Dama hakuwa ameshika kitu. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye leso. Akayumba, ubao ukamtoka miguuni, akaona maji ya kijani yakimjia usoni, na ukelele ukapanda kutoka tumboni, ukafika kooni, ukafika kwenye ulimi, "Ma..." Akaliuma pindo la leso. Akauma na ngozi ya mkono pamoja nalo. Mkono ukamdaka kwapani, ukamvuta, ukamsimamisha. Alipogeuza jicho aliona kaki. Ndio mkono uliokuwa ukimpokonya kikapu. Chome alikuwa ametoa macho, ameuma midomo mpaka imekuwa myeupe, kwa kuwa yeye pia alikuwa na ukelele wake wa kumeza. Hakumwachia mpaka feri ilipogusa Likoni, na Dama, kila alipovuta pumzi, alitamani kuupiga mkono ule na aliogopa kuupiga.

Je, alikuwa amesema? Lile lililokuwa kwenye ulimi lilitoka au halikutoka? Kutoka Likoni mpaka Diani, kutoka Diani mpaka Mwabungo, alijiuliza hilo tu. Hakuweza kumwuliza Kanze, wala Kanze hakuweza kujua anaulizwa nini.

*

Jua lilikuwa bado juu ya minazi walipofika. Shimo lilikwisha kuchimbwa ubavuni mwa kaburi la baba yake Tsuma, fupi, la ukubwa wa mtoto. Bi Kahaso alikuwa ameshikiliwa kwenye mlango wa ua. Macho yake hayakuona kitu, lakini aliposikia nyayo alinyosha mkono, akaipapasa leso, akatia kidole kwenye fundo, akakinusa. Dama alifumba macho. Kama alikuwa amemtosa, huyu mama angejua.

Kidole kilikaa puani muda mrefu.

"Tsuma," Bi Kahaso akaita. "Mwanangu. Pita."

Mchanga ulikuwa umefika kwa wenyewe, na sasa Dama aliweza kusema. Alilia tu kwa sauti mbaya, kama mnyama.

"Na huyu mwanamume anayenuka chuma," Bi Kahaso akauliza, "ni nani?"

Abdurahman, aliyekuwa amewafuata kutaka kujua lori lake limebeba nini, akafungua mdomo. Lakini Chome alimtangulia.

"Ni mimi niliyekuwa na funguo, mama. Shikamoo."

Bi Kahaso hakuitikia.

"Aliugua, nikaambiwa nimfungie chumba cha chini asiwaambukize wengine. Nikamfungia. Asubuhi yake tulimkuta amekwisha. Walimtoa kwa mkokoteni. Walikompeleka mimi sikuambiwa, na wala sikuuliza. Mkewe akawa anakuja na vikapu." Akaitazama mikono yake. "Nilivila. Nilivipeleka nyumbani, na watoto wangu walivila."

Kaka mmoja wa ukoo aliinama taratibu akaokota panga lililokuwa karibu na kuni.

"Jamani, jamani," Abdurahman akasema, kanzu yake imejaa vumbi. "Tumeambiwa tusahau yaliyopita. Tujenge nchi."

"Nani aliyekuambia?" Bi Kahaso akamgeukia. "Na yeye amemzika nani?"

Watu wote walikuwa wakimtazama Dama, na Chome pia alimtazama, mikono kainingʼiniza, midomo ikimcheza. Dama aliiona hofu yake. Aliijua vizuri, alikuwa ameibeba yeye mwenyewe kutwa nzima, na kabla ya hapo miaka. Ilikuwa imehamia kwake kidogo tu, haikuwa imemtoka Dama yote.

Alishuka kwenye shimo kwa mguu mmoja, akaulaza mchanga pamoja na ncha ya leso aliyoichana, akapanda juu. Akalichukua jembe lililokuwa limeegemezwa kwenye fungu la udongo. Mwenye panga akadhani anampa yeye. Alimpita, akalisukuma kifuani kwa Chome.

"Fukia," akasema.

Chome akashika jembe, akaanza. Kanze akamshika wifi yake bega, akamwambia twende ndani ukanywe maji, umekauka. Dama akakataa. Alisimama pale juu ya shimo mpaka donge la mwisho lilipoingia na kushindiliwa, macho yake kwenye ile mikono, kwa sababu mtu huyu alikwisha kumdanganya mara mbili.